NANI AFAAYE KUFUNDISHA SHERIA?

Ndugu Watumishi,

Mwezi wa Oktoba, 2022, yalitangazwa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 waliambiwa warudie mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, lakini barazani na maofisini wengi walikwisha kutoa hukumu: ati vijana ni wavivu, mlango na ubanwe.

Sisi twauliza: mlango upi? Kijana huyu alifaulu Kidato cha Sita. Akasoma Chuo Kikuu akapewa shahada ya sheria. Ndipo, kwa Sheria ya mwaka 2007 iliyoanzisha Taasisi hiyo, akabisha hodi mara ya tatu ili awe wakili. Ikiwa hajui kuandika hati ya madai, shahada alipewa na nani? Wahenga walisema, Ukiona vyaelea vimeundwa. Basi na vizamavyo viliundwa; atafutwe fundi.

Tazameni afundishaye. Vyuo Vikuu vyetu vya umma, vitangazapo kazi ya ualimu kwa ngazi ya kuanzia, humtaka mwenye wastani usiopungua 3.8 katika 5 kwa shahada ya kwanza. Huulizwa alama, haulizwi kama amepata kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Hivyo kijana asiyeijua mahakama aweza kufundisha mwenendo wa kesi, na hakimu wa miaka ishirini, aliyepata 3.2 ujanani mwake, jina lake halisomwi. Je, nahodha huchaguliwa kwa kusoma ramani tu, bahari asiijue?

Watatujibu kwamba kazi bila elimu ni kubahatisha. Ni kweli, wala hatuombi shahada zitupwe. Lakini mizani ina vitanga viwili: kimoja kiwekwe alama, na cha pili miaka ya kazi.

Wala msidhani kuwa haya ni mambo ya mawakili peke yao. Sisi makarani ndio tupokeao hati mbovu masjala, na mnyonge ndiye alipaye gharama: shauri lake hutupwa, na shamba lake huenda. Basi kabla ya kumbana mwanafunzi mlangoni, na aulizwe kwanza mwalimu wake aliingilia wapi.

Ni mimi,
Karani wa Masjala