Injini Iliyonyamaza Bado Ilitetema

Majuzi nilikuwa nimeketi ndani ya matatu kituoni Manyatta, huko juu ya mji wa Embu, nikingoja gari lijae abiria. Injini ilikuwa ikinguruma polepole, na vioo vya madirisha vilitetema hata nikashindwa kusoma gazeti. Tulipong'oa nanga na dereva kuongeza kasi, vioo vikatulia. Kando yangu alikuwapo mvulana wa kidato cha tatu mwenye daftari la fizikia mapajani. Nikamwuliza ni kwa nini vioo vimetulia ilhali injini imezidisha mbio. Hakujua. Akanionyesha daftari lake, na humo mlikuwa na fasili kamili ya jambo hilohilo, kwa Kiingereza safi, kama ilivyonakiliwa kutoka ubaoni.

Simlaumu mvulana huyo wala mwalimu wake. Lawama naielekeza kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili, tulioridhika kusema kwamba lugha hii ni ya ngano na mashairi, na kwamba mambo ya injini hayana msamiati. Dai hilo halina msingi. Waswahili waliisikiliza mitambo kabla ya kuipa majina: pikipiki na tingatinga ni milio iliyogeuka nomino. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo, ila kwa kinyume. Mwaka 1907 Claude Johnson, mkurugenzi wa Rolls-Royce, alilipa gari moja jina la Silver Ghost, yaani mzuka wa rangi ya fedha, kwa kuwa lilipita kimya kama mzuka.

Kimya hicho kilikuwa na gharama yake. Injini ndefu za silinda sita za wakati huo zilikuwa na ugonjwa. Kila pistoni iliposukuma, kile chuma kirefu kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, ambacho mafundi wetu hukiita krenki, kilijisokota kidogo kisha kikarudi. Msukumo ulipolingana na majira ya kujisokota huko, mtetemo ulikua, mithili ya bembea inayosukumwa kila inaporudi. Krenki ziliweza hata kukatika. Rolls-Royce yenyewe ilipatwa na balaa hilo katika gari lake la kwanza la silinda sita.

Kelele ilikuwa ugonjwa wa pili. Mmarekani Charles Yale Knight, mchapishaji wa jarida la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa (mwanagazeti, tafadhali!), alichoshwa na vali za gari lake zilivyogongagonga. Akabuni injini isiyokuwa na vali za kawaida: mirija ya chuma iliteleza juu na chini ndani ya silinda, ikifungua na kufunga matundu. Kampuni ya Daimler ya Uingereza iliichukua mwaka 1908. Ilinyamaza kweli, ingawa ilikunywa mafuta ya kulainishia na kuacha moshi nyuma yake. Lakini katika silinda sita, injini hiyo iliyonyamaza bado ilitetema!

Aliyeitibu ni mhandisi Frederick Lanchester, yapata mwaka 1910. Alifunga kwenye ncha ya krenki gurudumu dogo zito lisilokazwa, linaloshikwa tu na msuguano wa visahani vilivyomo ndani ya mafuta. Krenki inapotetema, gurudumu hukataa kuifuata. Msuguano huila nguvu ya mtetemo na kuigeuza joto. Wazo lake jingine, la fito mbili zinazozunguka kinyumenyume kwa kasi maradufu ya krenki ili kufuta mtikisiko wa injini ya silinda nne, lilifufuliwa na Mitsubishi katika miaka ya 1970. Fito za namna hiyo zimo katika Pajero nyingi za dizeli zinazopita barabarani kwetu.

Msomaji atambue kwamba katika maelezo hayo sikubuni neno hata moja. Mtetemo, mtikisiko, mlio, msuguano, kujisokota: yote ni maneno ya kila siku, na kila moja lina mpaka wake. Anayechanganya mtetemo na kelele hawezi kuelewa kwa nini Daimler walimhitaji Lanchester baada ya kumpata Knight. Nitaambiwa kwamba mtihani wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza. Naam, na uandikwe. Ninachoomba ni dakika kumi za kulielewa jambo kabla ya kulitafsiri, na mwalimu wa Kiswahili ambaye, siku ya insha ya maelezo, atawapeleka wanafunzi gereji badala ya kuwataka waeleze tena uzuri wa machweo.

Tukiteremka kuelekea mjini, nilimweleza mvulana yule kuhusu bembea: kwamba injini ilipokwenda polepole ilivisukuma vioo kwa majira yavyo, na ilipoongeza kasi ikayapita majira hayo. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona basi kioo cha upande wako kilitetema kuliko changu?" Tulikuwa tumekwisha kufika Embu, nami nilikuwa bado natafuta jibu.