Bomba la Lamu: tuulize joto kabla ya mgao

Juzi nilikwenda Lugulu, kwa dada yangu aliyeolewa huko, nikamchukulia chupa ya mafuta ya nazi kutoka Mombasa. Alfajiri nilipoamka kuswali niliyakuta yameganda, meupe pepepe. "Kaka, hapa si pwani, yaweke karibu na jiko," akaniambia huku akicheka. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Barabara ya Lugulu hupanda hadi Kitale, na Kitale ndiyo njia ya kwenda Lokichar, Turkana. Nikayakumbuka malori yaliyoanza Juni 2018 kuteremsha mafuta ghafi kupitia Kitale hadi matangi ya Changamwe. Agosti 2019 meli iling'oa nanga Mombasa na mapipa zaidi ya 200,000.

Mafuta hayo yana tabia ya chupa yangu, kwa sababu yamejaa nta. Chini ya ardhi kuna joto, nta imeyeyuka. Yakipoa, nta hujitenga ikawa chembe ngumu, zikashika ukuta wa bomba ulio baridi zaidi, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ikafinyika. Bomba likisimama siku kadhaa, yote yaweza kuganda humo. Ndiyo maana wahandisi hupiga hesabu mapema: nta itajitenga kwa joto gani, kiasi gani, na sehemu gani ya njia.

Uganda imeshajibu. Bomba lake la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa kupashwa joto ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50.

Sisi tumeahidiwa bomba hadi Lamu, na mjadala wetu wote ni mgao. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 5 ya fungu la serikali. Lakini kwa mikataba hii kampuni hurudisha gharama zake kwanza, kisha ndipo faida igawanywe. Kupasha bomba joto ni gharama ya kila siku. Asilimia 5 ya chungu kilichokwisha kupunguzwa si ile tuliyoimbiwa majukwaani.

Wabunge wetu na wadai hesabu hizo ziwekwe wazi kabla bomba halijachimbiwa mtaro. Mali bila daftari hupotea bila habari.