TUULINDE UMEME TANGU MLIMANI

Katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 40 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, ipo kambi ya wakimbizi iitwayo Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, na jina lenyewe kwa Kichewa linabeba maana ya mtu kuapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 gereza liligeuzwa kuwa makazi ya wakimbizi, yakikusudiwa kupokea watu wapatao 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili kimekuwa lugha ya sokoni, ya ibadani na ya ugomvi wa kwenye bomba la maji.

Tunaanza na Dzaleka kwa kuwa wengi waliomo humo wametoka katika nchi ya milima na mito iendayo kasi, nchi ambayo umeme ungeweza kupatikana karibu kila bondeni. Sasa wanaishi mahali ambapo jioni ikiingia moshi wa kuni hutanda juu ya mapaa, na vilima vya jirani vimebaki uchi kwa sababu kila familia lazima ipike. Wachache wana nyaya za umeme. Wengine wana kipande cha paneli ya jua cha kuchajia simu na kuwashia taa moja. Wala tusiwacheke. Takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2022 zaonyesha kwamba katika Malawi nzima ni watu takriban 14 tu kati ya kila 100 waliokuwa na umeme, na vijijini hali ilikuwa duni zaidi.

Hata hivyo umeme wa milimani si jambo geni nchini humo. Wamisionari wa Kiskoti chini ya Dakta Robert Laws walihamia nyanda za juu za Khondowe mwaka 1894 na kuanzisha Livingstonia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati miji mingi ya Ulaya bado iliwaka kwa gesi, walikwisha kutumia maji ya kijito cha Manchewe kufua umeme wa misheni yao. Wenye mashamba ya chai chini ya mlima Mulanje nao walijijengea mitambo ya namna hiyo. Shamba la Lujeri ni mfano unaojulikana. Mwanga huo ulikuwa wa wenye mali na wa wenye misheni. Mwanakijiji aliyechimba mfereji na kubeba mabomba mgongoni alirudi jioni kwenye koroboi yake.

Baada ya uhuru nguvu zote zilielekezwa mto Shire. Mtambo wa Nkula ulianza kazi mwaka 1966, Tedzani ukafuata mwaka 1973, na Kapichira mwaka 2000. Mji mkuu ulipohamishiwa Lilongwe kutoka Zomba mwaka 1975, ofisi na kambi za mji huo mpya zilihitaji umeme kutoka mbali kusini. Mwaka 1980 Serikali ilianzisha mpango wa kupeleka umeme vijijini, na mwaka 2004 Bunge likautungia sheria, ukigharimiwa kwa tozo inayokatwa katika mauzo ya nishati. Mpango huo uliwasha taa katika vituo vingi vya biashara. Lakini nguzo zilifuata barabara, na barabara hazipendi kupanda milima. Tena yupo mwananchi anayelala chini ya waya uliobeba maelfu ya volti, naye hana fedha ya kuuteremsha hadi chumbani mwake.

Kaskazini, huko Karonga, mtambo wa Wovwe wa megawati 4.35 ulizinduliwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi ulikuwa karibu mtambo pekee wa maji wa kampuni ya umeme ya taifa usiotegemea Shire. Hatari ya kutegemea mto mmoja ilidhihirika baadaye. Mwaka 2017 kina cha ziwa kilishuka, mto ukapungua, na kufikia mwisho wa mwaka umeme uliofuliwa ulikuwa karibu nusu ya kawaida. Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa kingo za bwawa la Kapichira, mtambo wenye karibu megawati 130. Nchi nzima ilizimika, na ukarabati ukachukua zaidi ya mwaka mmoja.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Bondo, chini ya Mulanje, inastahili kusomwa na kila ofisa. Katika miaka ya 2010 wananchi, pamoja na shirika la Practical Action na mfuko wa kuhifadhi mlima huo, walichukua sehemu ya maji ya mto Lichenya wakayapitisha katika mfereji na bomba hadi kwenye mtambo mdogo. Ulianza na makumi ya kilowati tu, kisha ukapanuliwa. Kampuni yake ilipewa leseni rasmi ya kuuza umeme, jambo ambalo halikuwahi kutokea nchini humo kwa mtandao mdogo wa vijijini. Hesabu yake askari yeyote aliyepita darasa la ramani aielewe: lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka mita 50, hata baada ya kupoteza nguvu nyingi njiani, hutoa kilowati 30 na zaidi. Hizo zatosha zahanati, shule, mashine ya kusaga na nyumba nyingi za taa moja mbili. Hakuna bwawa kubwa, wala kijiji hakihamishwi.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja, nalo ni kwamba maji yaje mwezi wa Oktoba kama yajavyo mwezi wa Februari. Msitu ndio unaoyatunza. Mlima ukinyolewa, mvua huteremka siku moja ikiwa mafuriko ya tope, na wakati wa kiangazi bomba hupiga mluzi wa hewa. Machi 2023 kimbunga Freddy kiliporomosha miteremko ya Mulanje na Blantyre. Watu zaidi ya 600 walithibitishwa kufa na mamia hawakuonekana tena. Askari na polisi waliofukua matope kwa majembe siku zile hawahitaji mhadhara juu ya miti.

Sisi wa vyombo vya ulinzi tumezoea kupangiwa lindo mwishoni mwa safari ya umeme, kwenye transfoma iliyoibiwa mafuta, kwenye waya wa shaba uliokatwa, kwenye lango la kituo. Ni wajibu halali na lazima utimizwe. Ila tunaona kuwa lindo la maana zaidi liko juu, kwenye chanzo. Katikati ya miaka ya 2010 Jeshi la Ulinzi la Malawi lilitumwa kulinda msitu wa Dzalanyama, kusini-magharibi ya Lilongwe, kunakoanza mto unaowapa wakazi wa mji huo maji ya kunywa. Wapo waliolalamika kwamba kazi ya bunduki si kufukuza wachoma mkaa. Hatukubaliani nao. Mji mkuu usio na maji hauhitaji adui mwingine.

Hata hivyo msitu haulindwi kwa doria peke yake. Mkaa haurushwi hewani kuja Lilongwe. Unapita barabarani, juu ya baiskeli na ndani ya malori, na barabarani kuna vizuizi, na vizuizini kuna watu wenye sare. Gunia likipita mbele ya askari kwa malipo ya mkononi, doria ya mlimani imefanywa bure, na mwenzake aliyelala msituni na mbu ametukanwa. Vilevile si haki kumshika mama mwenye tita moja la kuni kichwani na kuliachia lori lenye magunia mia. Mama huyo anatafuta chakula cha jioni. Lori lile ni la mtu mwenye mtaji. Kwanza asimamishwe mwenye lori.

Turudi kwa majirani. Mashariki ya Kongo, chini ya mlima Rwenzori, mtambo mdogo wa Mutwanga ulianza mwaka 2013 kwa jitihada za hifadhi ya Virunga, na Matebe, wenye megawati zaidi ya 13, ukafuata Rutshuru mwaka 2015. Nia ilikuwa kwamba kijana akipata kazi ya kiwandani hatakwenda msituni kuchoma mkaa wala kujiunga na wenye silaha. Nia ilikuwa njema, na kwa muda ilizaa matunda hadi mjini Goma. Lakini vita vya M23 viliporudi, nyaya zilikatwa mara kwa mara, na Januari 2025 Goma ilibaki gizani bila umeme wala maji wakati mapigano yakiingia mjini. Askari wa Malawi, wa Tanzania na wa Afrika Kusini waliohudumu huko wanalijua giza hilo. Baadhi yao hawakurudi.

Basi katika kambi ya Dzaleka wamo watu waliouona umeme wa milimani ukija na ukiondoka. Sheria za nchi zinawataka wakae kambini, na mwaka 2023 polisi waliwarudisha humo wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini. Amri ni amri. Lakini tunaona kuwa ni upotevu kumweka fundi akae bila kazi karibu na vilima vya Dowa, huku vijiji vya milimani vikikosa watu wa kufunga na kukarabati mitambo. Serikali ikitafuta njia ya kuwapa vibali mafundi wa namna hiyo, polisi hawatapungukiwa na mamlaka yao hata kidogo.

Liko jambo jingine lililo ndani ya uwezo wetu wenyewe, lisilohitaji Bunge wala mfadhili. Kambi nyingi za jeshi na polisi katika nchi zetu bado hupika kwa kuni na mkaa, na nyumba zetu za familia vivyo hivyo, hata pale ambapo taa za umeme zinawaka. Kamanda anayetaka kuanza hana haja ya kungoja waraka. Na aagize jikoni kwake hesabu ya magunia ya mkaa na mizigo ya kuni iliyoingia mwezi uliopita, imetoka msitu gani, na ilipita kizuizi cha nani.