Majirani wa Kitengela, tupime maji kabla ya kununua mashine ya kuyapasha

Julai ya Kitengela haina mzaha. Mawingu hutanda tangu alfajiri, jua likachungulia saa nane mchana na kurudi lilikotoka, na upepo wa mbuga za Athi na Kapiti hauna mlima wa kuuzuia kabla haujagonga dirisha. Hata hivyo hatuna haja ya kupasha nyumba nzima joto kama wafanyavyo Ulaya. Sweta, blanketi na chai ya tangawizi vinatosha. Kinachotutesa ni maji ya kuoga. Watoto wa shule wanaamshwa saa kumi na moja, na hakuna mzazi mwenye moyo wa kuwamwagia maji ya tangi lililolala nje usiku kucha.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wa Noonkopir, Milimani, Yukos, Acacia, Chuna na Korompoi, pamoja na wenzetu wa Isinya na Kajiado mjini. Katika suala la maji moto kila mtu ananunua kivyake na kuumia kivyake, na fundi anayeitwa kwa jirani leo ni yule yule aliyetoka kwako jana kwa ugonjwa ule ule. Tunaweza kufanya vizuri zaidi tukikaa pamoja.

Njia za zamani tunazijua. Kuna sufuria juu ya jiko la makaa, na sehemu ya makaa hayo ni migunga iliyokatwa katika kaunti hii hii. Kuna shawa ya stima, ile inayofungwa bafuni na swichi yake kubwa yenye taa nyekundu. Kuna sola ya paa. Siku hizi ukiuliza dukani utatajiwa na ya nne, pampu ya joto. Hii ni friji iliyogeuzwa kazi: badala ya kutoa joto ndani ya kabati na kulitupa jikoni, inalichota kwenye hewa ya nje na kulitia majini. Stima inatumika kuendesha kompresa na feni tu, kwa hiyo kwa uniti moja unayolipia unapata kama uniti tatu za joto. Ulaya mashine hii hupigana na barafu wakati wa baridi kali. Hapa kwetu, katika mwinuko wa mita zaidi ya 1,500, asubuhi ya baridi sana huwa nyuzi 11 au 12, na mchana hewa ina joto la kutosha. Kwa upande wa hali ya hewa, basi, tuko mahali pake hasa.

Lakini je, inalipa? Tupige hesabu ya nyumba ya watu watano, kila mmoja akioga lita 40 za maji vuguvugu kwa siku, maji yakitoka kwenye tangi na nyuzi 18 na kufikishwa 40. Hapo unahitaji uniti tano hivi kwa siku. Tuseme uniti moja inakufikia kwa shilingi 28 ukishajumlisha kodi na tozo zote. Shawa ya stima itakula shilingi 140 kwa siku, yaani 4,200 kwa mwezi. Pampu ya joto, hata tukiiongezea joto linalopotea tangini usiku, itatumia uniti mbili hivi, shilingi 56 kwa siku, chini kidogo ya 1,700 kwa mwezi. Unaokoa kama shilingi 2,500. Ukiwa umeambiwa laki mbili pamoja na kufungiwa, utarudisha pesa zako baada ya miaka sita na nusu, na hiyo ni endapo hakuna kitu kitakachoharibika katikati.

Sasa linganisha na sola. Ikiwa una paa lako mwenyewe, lisilofunikwa na kivuli cha ghorofa ya jirani, sola inakupa maji ya bure siku nyingi za mwaka, na bei ya kuifunga mara nyingi huwa nafuu. Sitamficha mtu: kwa familia yenye bangaluu juu ya ploti ya hamsini kwa mia, sola ndiyo ningeiangalia kwanza. Udhaifu wake ni Julai na Agosti, maana mawingu yale yale yanayotufanya tutamani maji moto ndiyo yanayoinyima sola kazi, na wengi huishia kuwasha elementi ya stima iliyo ndani ya tangi, bei ikarudi pale pale. Na nyumba ya watu wawili wanaooga haraka? Shawa ya stima inatosha. Msidanganywe na mtu anayelipwa kamisheni.

Pampu ya joto inakaa vizuri mahali penye watu wengi chini ya paa dogo: fleti za ghorofa nne na tano zinazoota kila upande wa barabara ya Namanga, hosteli, gesti, saluni, zahanati zenye wodi. Hapo paa haliwatoshi wapangaji wote, na maji moto yanatakiwa kila siku, mvua au jua.

Hapo kwenye fleti ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mtu binafsi. Shawa moja ya stima huvuta kama kilowati tano na nusu. Jengo lenye nyumba 20 likiamka kwa pamoja, kila bafu likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, ni kilowati 110. Umewahi kujiuliza kwa nini taa zinafifia na friji inaguna saa hizo? Transfoma haibagui aliyeoga na ambaye hajaoga; ikilipuka tunakaa gizani sote, na nyama ya jirani inaoza pamoja na ya mwenye jengo. Pampu ya joto ya nyumbani kwa kawaida haifiki hata kilowati moja na nusu, na unaweza kuipangia saa ifanye kazi mchana, tangi likahifadhi joto hadi asubuhi.

Nawasihi wenye majengo mlitazame hilo. Najua ugumu uliopo: wewe ununue mashine, mpangaji ndiye apunguziwe tokeni. Lakini kuna njia ya kuelewana, ama kwa kuongeza kodi kidogo iliyo wazi kwenye mkataba, ama kwa mita ya maji moto kwa kila nyumba. Wapangaji nao wakubali kulipia wanachotumia. Kanuni za mwaka 2012 za kupasha maji kwa sola zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa jua. Utekelezaji ukasuasua. Tusingojee sheria ya kutusukuma ili tupange mabafu yetu wenyewe.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike, maana katika mji huu bei ya mashine si swali la kwanza. Swali la kwanza ni maji yatakayopita ndani yake.

Mwombe fundi wa mtaani akuonyeshe elementi aliyoing'oa kwenye tangi la hapa. Utadhani ameiokota Ziwa Magadi. Chuma hakionekani, kimevikwa gamba jeupe na gumu, mahali pengine nene kama ganda la yai, mahali pengine kama kidole, na ukiligonga kwa bisibisi linadondoka vipande vipande kama plasta ya ukuta mkongwe. Joto linalazimika kupenya gamba hilo kabla ya kuyafikia maji, elementi inaungua kwa ndani, na wewe unaulaumu mtambo.

Maji ya visima vyetu hayafanani. Mtaa mmoja una kisima chenye chokaa kinachoganda. Wa pili una chumvi inayokula chuma. Wa tatu unapewa maji ya bomba la Nolturesh, yanayotoka chini ya Kilimanjaro huko Loitokitok, siku chache kisha yakakatika. Wa nne hununua ya lori bila kujua yamechotwa wapi. Chokaa na chumvi ni maradhi mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Palipo na chokaa, chagua tangi ambalo koili ya gesi imezungushiwa nje ya ukuta wake, isizame majini, na utenge siku ya kulisafisha kila mwaka. Palipo na chumvi, jihadhari na matangi ya chuma cha pua, kwa kuwa kloridi hukitoboa ingawa tunaambiwa hakishiki kutu. Tangi lililopakwa enameli ndani na kuwekwa fimbo ya magnesi hudumu zaidi, kwa sharti kwamba fimbo hiyo, ambayo kazi yake ni kuliwa kwa niaba ya tangi, ibadilishwe kabla haijaisha. Wangapi kati yetu tumewahi kuambiwa kwamba fimbo hiyo ipo? (Floridi ni habari nyingine, kuchemsha hakuiondoi, na meno ya watoto wetu ndiyo ushahidi.)

Chukua karatasi ya dhamana uisome kabla ya kulipa. Watengenezaji wengi huandika mpaka wa chumvi na ugumu wa maji, na ukiuvuka dhamana imekufa siku ile ile mtambo unapofungwa. Muuzaji akikwambia "hiyo ni maandishi tu," mshukuru, uende duka lingine. Muulize pia gesi iliyomo. R410A ina nguvu ya kupasha dunia zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dioksidi, na mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 yanapunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua, kwa hiyo kuipata miaka ijayo kutakuwa na gharama. R290, ambayo ni propani, haina tatizo hilo, ila inataka fundi anayejua kwamba inashika moto.

Wiring ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi, na bafu lisilo na waya wa ardhini ni mtego, iwe umefunga shawa ya elfu nne au mashine ya laki mbili. Weka pia kinga ya volteji. Stima yetu ikirudi baada ya kupotea hurudi na hasira.

Na wewe unayejenga sasa, hata kama bajeti imeishia kwenye lenta, pitisha bomba la maji moto ukutani kabla ya plasta, vuta waya wa kutosha hadi nyuma ya nyumba, na mwaga zege kidogo penye hewa ya kutosha, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Ni gharama ndogo leo. Kuvunja vigae baadaye ndiyo hasara.

Ombi langu kwa vyama vya wakazi ni hili. Kabla ya Juni, kila mtaa uchangishe pesa za kupima maji ya kisima unachokitegemea: ugumu, kloridi na floridi. Kipimo kimoja kitahudumia nyumba zote zinazotumia kisima hicho, na mchango wa kila nyumba utakuwa mdogo. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa geti, mgeni na fundi wayaone. Waliokwisha kufunga pampu au sola waeleze walilipa ngapi na nini kiliharibika. Mitaa yenye maji ya aina moja inunue pamoja, na muuzaji atasikiliza tofauti anapoletewa oda ya nyumba 30.

Kikao cha kwanza kinaweza kufanyika Jumapili yoyote baada ya ibada. Njooni na risiti zenu za tokeni za Julai iliyopita, na chupa moja ya maji ya bombani kwenu, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo, na jina la kisima liandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika.