Jumapili ya mgeni na Jumapili ya mhudumu

Kila likizo inapokaribia waamini wengi wa bara huulizana kuhusu Zanzibar: tulale mjini au twende pwani? Wenye nafasi huenda Nungwi, Kendwa au Paje, ambako ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Wengine hubaki Mji Mkongwe, katika nyumba za wageni zilizobanana kiasi kwamba ukikohoa dirishani jirani anakupa pole. Baada ya usiku mmoja malalamiko huanza. Pikipiki zinapita vichochoroni, papasi wanakufuata hadi mlangoni, wauza samaki na urojo wa Forodhani wako hatua chache kutoka kitandani, na kabla hakujakucha adhana inasikika kutoka msikiti huu, kisha ule, kisha wa tatu.

Mimi ningekushauri ulale mjini, walau usiku mmoja, na usiku huo uwe wa Jumamosi.

Kumbuka mahali Bwana wetu alipochagua kukaa alipoacha Nazareti. Alihamia Kapernaumu, mji wa kando ya ziwa, wenye wavuvi, askari wa kigeni na meza ya ushuru ambako alimkuta Mathayo. Marko anasimulia jinsi jioni moja mji mzima ulivyojaa mlangoni pa nyumba alimokuwa, na jinsi alivyoamka kungali giza akaenda peke yake kusali. Kelele za mji hazikumfukuza; aliamka kabla yake. Naye Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, mji uliokuwa na bandari mbili na wasafiri wa kila namna, akishona mahema pamoja na Akila na Priskila. Injili yetu ilikulia katika miji ya namna hii, si mahali pa mapumziko.

Kwa hiyo adhana ikikuamsha, usijifunike mto kwa hasira. Jirani yako anakwenda kusali. Wewe nawe una Masifu ya Asubuhi na rozari, na pengine hujawahi kuzisali saa hiyo tangu uoe.

Halafu liko kanisa. Hapo Shangani, dakika chache kwa miguu kutoka Forodhani, pana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wanaliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890. Sisi wa bara hupenda kusema imani yetu iliingilia Bagamoyo, na ni kweli, lakini ilipita Unguja kwanza. Mapadre Wafaransa walifika huko mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Miaka mitatu baadaye Shirika la Roho Mtakatifu likaipokea kazi yao, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi, kwani lilifungwa mwaka 1873. Hata hivyo wapo Wakatoliki wanaopiga picha minara hiyo Jumamosi, na Jumapili asubuhi wanapanda boti kwenda Changuu kuangalia kobe. Kobe wale wameishi miaka mingi sana. Wangeweza kukungoja mpaka saa tano.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Nguo ya kuogelea ni ya baharini, na mtaa ni nyumbani kwa watu. Unalijua hilo.

Ninachotaka tukitazame kwa makini ni binti aliyekupokea mzigo. Katika hoteli na nyumba za wageni za mji ule utakuta vijana waliotoka Tanga, Iringa, Songea, wengi wao wakiwa watoto wa parokia zetu, waliobatizwa, walioimba kwaya. Nyumbani Jumapili ilikuwa Misa. Kazini Jumapili ni siku kama nyingine, na msimu wageni wakijaa huwa ngumu kuliko nyingine. Mgeni anataka chai saa nne kwa sababu amechelewa kulala. Chumba kifanywe upya, shuka zibadilishwe ingawa jana zilibadilishwa, na nguo zipigwe pasi. Mara nyingi mgeni huyo ni Mkristo anayerudi kutoka Misa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inagusa jambo hili waziwazi. Inakubali kwamba ziko kazi za Jumapili zisizoepukika, za mikahawa zikiwemo. Lakini inamtaka kila Mkristo asiwadai wengine, pasipo lazima, mambo yatakayowazuia kuitunza siku ya Bwana. Hapa Katekisimu inasema na yule anayehudumiwa. Tumezoea kuungama kwamba tumekosa Misa. Ni nadra mtu kuungama kwamba amemkosesha mwenzake Misa, na utasikia watu wakijitetea kwamba waliacha bakshishi nzuri. Bakshishi ni jambo jema, iache. Lakini haimpeleki mtu kanisani.

Mwenye hoteli naye ana wajibu mkubwa zaidi, wa kupanga zamu ili mtu yule yule asiikose Jumapili mwezi mzima. Nasi mapadre tuna sehemu yetu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inaruhusu wajibu wa Misa utimizwe jioni ya siku iliyotangulia, na parokia yenye wafanyakazi wa hoteli ingefaa iwaulize watoka kazini saa ngapi kabla ya kubandika ratiba mlangoni. Kijana anayemaliza zamu saa mbili usiku hasaidiwi na Misa ya saa kumi na moja jioni.

Kama anayekuhudumia ni Mwislamu, na mjini humo wengi ndivyo walivyo, kanuni ni ile ile kwa siku yake. Ijumaa saa saba mchana si wakati wa kumwagiza maji baridi wala kudai taksi mara moja. Ukingoja, atajua kwamba umeiheshimu sala yake, na hutahitaji kumweleza neno.

Basi jioni ya Jumamosi, ukirudi kutoka Forodhani, usipande ngazi moja kwa moja. Simama mapokezi. Msalimie kwa jina, muulize kesho zamu yake inaishaje na parokia yake ni ipi. Akikwambia kwamba ana vyumba sita vya kufanya kabla ya Misa, mwambie afanye vitano. Chako utakitandika mwenyewe, na chai utakunywa saa moja pamoja na wale wanaowahi boti.