Kesha Moja Haiwezi Kukubeba Mwaka Mzima

Wasee, tuseme ukweli. Tarehe 31 Desemba kanisa hujaa hadi watu wanasimama nje. Tunaruka, tunalia, tunamwahidi Mungu kwamba mwaka unaoanza ni wake. Januari haijafika katikati, Biblia iko chini ya kitanda na maombi yamebaki yale ya kabla ya kula. Halafu mtu anajiambia, "Labda mimi si wa mambo ya wokovu."

Mimi naona shida si imani yako. Shida ni kwamba hujawahi kuwa na ratiba yako mwenyewe. Wengi wetu tulisoma shule za bweni. Kengele inalia, unaamka. Jumapili ni ibada, upende usipende. Ukimaliza kidato cha nne unaenda chuo, unakodi bedsita, na hakuna mtu wa kukupigia kengele. Hapo ndipo tunapoteza wengi. Hata hawaondoki kwa hasira, wanasahau tu pole pole.

Angalia Kutoka sura ya 16. Waisraeli waliokota mana kila asubuhi, ya siku hiyo. Waliojaribu kuweka ya kesho waliikuta imeoza na imejaa mabuu. Ni ile ya Sabato pekee iliyolala bila kuharibika. Sisi tunataka kujaza debe usiku mmoja, tukitumaini litatufikisha Desemba. Danieli naye, sheria ya kukataza maombi ilipotiwa sahihi, hakuanza kutafuta nguvu mpya. Alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Siku ya simba ilimkuta tayari na mazoea.

Sasa anza na kidogo. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku, wiki mbili na siku mbili umemaliza. Mithali ina 31, kwa hivyo soma sura ya tarehe ya leo. Maji ya chai yakiwa jikoni, omba hadi yachemke. Ukikwama kwa jam ndani ya mat, mwombee mtu mmoja kwa jina, kisha umtumie meseji umjulie hali. Na simu ichaji mbali na kitanda, TikTok isikuamkie kabla ya Mungu.

Kuna wenye watasema mambo ya Roho hayapangwi, eti hiyo ni dini tu. Sawa, lakini mbona mpenzi wako unampigia kila usiku, hata ukiwa umechoka? Unayempenda humtafuti siku ukijisikia tu.

Na ukikosa siku moja, usijiadhibu na sura kumi za kulipa deni. Soma ya leo, uendelee.

Kesha nitakuja, na tutaruka pamoja. Lakini usingoje Desemba. Kesho asubuhi, ukiweka tu chai jikoni, anza.