Toba ya Kweli kwa Askari

Jumapili asubuhi, mtu apitaye Kajaga akielekea Gatumba husikia ngoma na vipaza sauti vya ibada. Miongoni mwa waimbaji wamo ndugu zetu wa jeshi na polisi, waliokuja na jamaa zao. Hatuna ugomvi na ngoma. Lakini lipo swali ambalo sisi tunaona limekawia kuulizwa: je, kuimba kwingi ndiko kubadilika?

Si mbali na hapo, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi ya Gatumba ilivamiwa. Watu zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia machafuko ya Kivu ya Kusini, waliuawa kwa risasi na moto. Kundi la FNL lilikiri kuhusika. Walionusurika walieleza kwamba wavamizi walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Nyimbo za dini! Uchunguzi ulieleza pia kwamba askari waliokuwa karibu hawakutoka kuwaokoa. Ni machungu kuyaandika haya mbele ya wasomaji wetu wenye sare, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka 7 kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 1997, wavamizi waliingia katika seminari ya Buta, huko Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Wakauawa 40. Hawakuwa na bunduki wala cheo. Walikuwa na malezi yaliyowazoeza kusali na kuzungumza pamoja kama ndugu, nchi ikiwa vitani.

Wazee wa Uamsho, ule uliotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaingia Burundi, walilijua jambo hili. Kwao aliyetubu alirudisha alichoiba, akalipa deni, akamwendea jirani aliyemkosea.

Ndugu askari, Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliagiza kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Mwaka 2009 FNL nayo iliweka silaha, na baadhi ya wapiganaji wake wakaingizwa jeshini na katika polisi. Hivyo watu waliowindana walipewa bweni moja. Hilo liliwezekana kwa amri. Moyo haupangwi kwa gwaride.

Toba ya mwenye sare huonekana kwenye kizuizi cha barabarani, pale dereva anapodaiwa "fanta" ndipo apite. Huonekana mahabusu, usiku, mshukiwa asipokuwa na shahidi. Zaidi ya yote huonekana pale inapotolewa amri ya kuwatenga watu kama ile ya Buta, au pale vilio vinaposikika ng'ambo ya ua wa kambi. Makasisi wa jeshi na wachungaji wa Kajaga wangefanya vema kuwauliza waumini wao wenye sare juu ya mambo hayo, wakitaja mahali na siku, kabla ya kuwakabidhi kipaza sauti.